Michezo Minne ya Mwaka 1998: Uanze na Upi?

Wapenzi wa michezo ya video wanapobishana kuhusu mwaka uliokuwa na neema kuliko yote katika miaka ya tisini, wengi huishia kuutaja 1998, nami ni mmoja wao. Mwezi Januari Wamarekani walipata Resident Evil 2. Tarehe 31 Machi Blizzard ikatoa StarCraft, tarehe 3 Septemba Konami ikazindua Metal Gear Solid nchini Japani, na mwezi wa Novemba pekee ukaleta Half-Life ya Valve kwenye kompyuta pamoja na The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya Nintendo kwenye Nintendo 64. Resident Evil 2 nitauweka kando, kwa kuwa mwenye moyo wa kuvumilia michezo ya kutisha huwa anajijua. Hiyo mingine minne ndiyo ninayoulizwa kila mara, tena na watu ambao baadhi yao hawakuwa wamezaliwa ilipotoka.

Tatizo lao ni kwamba yote minne imesifiwa kwa maneno yale yale, na sifa zinazofanana hazimsaidii mtu mwenye fedha ya mchezo mmoja na jioni chache za mapumziko. Kwa hiyo nitaipima kwa kile ambacho kila mmoja unamdai mchezaji: mashine, muda, kiasi cha Kiingereza, na aina ya uvumilivu. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa sababu mchezo wa zamani hauchakai mwili mzima kwa wakati mmoja. Mawazo yaliyomo yanaweza kubaki mabichi kama yamevunwa jana, ilhali kamera, menyu au mpangilio wa vitufe umeshazeeka, na kila mmoja kati ya hii umezeekea mahali pake.

Tekken 3 nimeuacha nje kwa makusudi, ingawa najua kwamba kwa wengi wa rika langu huko ndiko jina la PlayStation linakoanzia. Namco iliutoa kwanza mwaka 1997 kwa mashine za kumbi za michezo, na toleo la PlayStation likafuata mwaka 1998. Katika vibanda vya gemu vya miji yetu uliendelea kuchezwa miaka mingi baadaye, kwa sababu unahitaji pedi mbili tu na mpinzani aliyekaa kando yako kwenye benchi. Asiyejua hata pigo moja aliweza kumchagua Eddy Gordo, Mbrazili anayepigana kwa kapoeira, akabofya vitufe viwili vya mateke bila mpango wowote na kumwangusha aliyefanya mazoezi wiki nzima. Ni mchezo mkubwa, lakini hauhitaji mshauri. Unajieleza wenyewe katika raundi ya kwanza.

Half-Life ndio uliozeeka kidogo kuliko mingine, kwa hiyo nianze nao. Valve ilikuwa kampuni changa, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Gabe Newell na Mike Harrington waliokuwa wametoka Microsoft, na huu ulikuwa mchezo wao wa kwanza. Walichukua leseni ya injini (programu ya msingi) ya mchezo wa Quake kutoka id Software, wakaibadilisha kwa kiasi kikubwa, na ulipofika mwaka 1997, ambapo mchezo ulitarajiwa kutoka, wakaona haujafikia walichokitaka, wakaurudisha karakana karibu wote. Matunda ya subira hiyo yanaonekana tangu dakika za kwanza. Gordon Freeman, mwanafizikia, yumo ndani ya behewa dogo linalompeleka kazini katika maabara ya siri ya Black Mesa, huko New Mexico. Kipaza sauti kinatangaza kuwa ni saa 2:47 asubuhi, kinataja joto la nje, kinaendelea na matangazo ya kawaida ya kazini. Huna silaha wala adui. Unatembea ndani ya behewa, unachungulia dirishani, unaiona mitambo ikipita, unamwona mlinzi aliyefungiwa nje akigonga mlango. Kisha jaribio la maabara linaharibika, na ofisi zile zile ulizopita zikiwa na watu wanaokusalimu unazirudia zikiwa zimebomoka na kujaa viumbe.

Katika mchezo mzima hutoki ndani ya macho ya Gordon. Hakuna filamu fupi inayokatiza mambo, na yeye mwenyewe hasemi neno. Mambo yote unayafahamu kwa kuyapitia. Mfano ninaoupenda zaidi ni shimo la kujaribia injini ya roketi, ambamo mikono mitatu mikubwa imechomoza kutoka chini, kila mmoja ukiwa na ncha ngumu kama mdomo wa ndege. Viumbe hivi havioni, vinasikia. Ukikimbia juu ya ngazi za chuma, ncha inakushukia na umekwisha. Ukichuchumaa na kunyata unapita, na ukirusha bomu la mkono upande wa pili, mikono yote inageukia huko na kupiga sakafu kwa hasira, nawe unapata sekunde chache za kuvuka. Lazima ulipite shimo hilo zaidi ya mara moja, kwa kuwa kazi yako ni kurudisha mafuta, oksijeni na umeme ili injini iwashwe na kuviteketeza. Hakuna anayekuhubiria kuhusu hofu, lakini vidole vyenyewe vinajifunza kunyamaza.

Baadaye wanakuja askari wa jeshi, ambao mfanyakazi yeyote wa maabara angewadhania waokoaji, kumbe wametumwa kunyamazisha mashahidi. Ukijificha nyuma ya sanduku wanakurushia bomu ili utoke, na wakati mmoja anakushambulia kwa mbele, mwingine anazunguka ubavuni. Kwa mchezo wa mwaka 1998 jambo hilo lilikuwa la kushangaza, na hata leo linamtoa jasho mtu aliyezoea maadui wanaosubiri kupigwa.

Ulipozeekea ni mwishoni. Sura za dunia ngeni ya Xen zinakutaka uruke kutoka kisiwa kimoja kinachoelea hadi kingine huku huioni miguu yako mwenyewe, na wengi, mimi nikiwamo, tulizimaliza kwa kujilazimisha. Mengine yote, yaani kutembea, kulenga na kufyatua kwa kibodi na kipanya, ni yale yale ya michezo ya leo. Kiingereza kinachohitajika ni kidogo sana, kompyuta ndogo ya ofisini inaumudu, na jioni sita au saba zinatosha.

Metal Gear Solid unafaa kuwekwa karibu na Half-Life kuliko mwingine wowote, kwa kuwa michezo hii miwili, iliyotoka ikipishana miezi michache tu, ilijibu swali moja, la jinsi ya kumsimulia mchezaji hadithi, kwa namna zinazopingana. Hideo Kojima, aliyeanza mfululizo huu mwaka 1987 kwenye kompyuta ya MSX2, anaipenda sinema na hafichi. Anakusimamisha, anaizungusha kamera, anawaacha wahusika wazungumze kwa redio dakika nyingi kuhusu silaha za nyuklia, urithi wa damu na majuto ya askari. Solid Snake anatumwa peke yake kwenye kisiwa cha Shadow Moses, Alaska, kilichotekwa na magaidi wenye uwezo wa kurusha kombora la nyuklia, na kazi yake hasa ni kutoonekana. Mlinzi akiziona nyayo zako kwenye theluji anasimama, anainama kuzitazama, kisha anazifuata hadi ulipojibanza. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza niliacha kucheza, nikawa natembea tu kwenye theluji ili nione wangapi watanifuata.

Umaarufu wake mkubwa umetokana na Psycho Mantis, bosi (adui mkubwa) anayedai kusoma mawazo. Anaisoma kadi yako ya kumbukumbu na kukutajia michezo mingine ya Konami uliyoihifadhi humo. Anakuambia uiweke pedi sakafuni, kisha anaifanya itetemeke na kusogea. Risasi zako anazikwepa zote, hadi utakapoichomoa pedi kwenye tundu la kwanza na kuichomeka kwenye la pili, hapo anashindwa kukusoma. Matoleo ya leo yanalazimika kuigiza mambo haya kwa njia nyingine, na ni haki kukiri kwamba sehemu ya utamu wake ilibaki kwenye mashine ya asili.

Mahali pengine mchezo unakutaka uwasiliane na Meryl, askari wa kike, kwa redio, na unaambiwa kuwa masafa yake yameandikwa nyuma ya kasha la diski. Halikuwa fumbo gumu kwa aliyenunua nakala halisi. Yangu niliinunua kwenye duka moja mjini Tanga, diski mbili za kunakiliwa ndani ya mfuko wa nailoni, bila kasha wala karatasi. Mimi na binamu yangu tulianzia 140.85, masafa ya Kanali Campbell, tukashuka namba moja moja, tukipiga na kusubiri, hadi tulipofika 140.15 usiku sana na sauti ya msichana ikaitika. Nawatajia namba hiyo ili asiwepo mwingine wa kuteseka bure.

Madai ya Metal Gear Solid ni mazito upande wa Kiingereza. Mazungumzo ni marefu, yana maneno ya kijeshi na ya kisayansi, na asiyeyafuata atabaki na nusu ya mchezo. Kamera imezeeka pia: unatazama kutoka juu, adui aliye hatua kumi mbele yako yuko nje ya skrini, na bila ile rada ndogo ya pembeni ungekuwa kipofu. Kuna sehemu inakurudisha hadi majengo ya mwanzo kuchukua bunduki ya masafa marefu, safari ambayo naamini iliwekwa kurefusha muda tu. Tena kuna tukio la mateso ambamo unabofya kitufe kwa kasi ili usikate tamaa, na jinsi utakavyolimaliza ndivyo hadithi itakavyoishia. Ukifa hapo hakuna kuendelea, unarudi pale ulipohifadhi mara ya mwisho. Hifadhi kabla, usisahau. Kwa upande wa muda hakuna mpinzani: jioni nne zinatosha, na hadithi inakuwa imeanza, imepanda na imefungwa. Tangu Oktoba 2023 unapatikana katika mkusanyiko wa Konami kwa kompyuta na mashine za kisasa.

Nikiwa nalinganisha hiyo miwili peke yake, namshauri mtu anayependa kusimuliwa achukue Metal Gear Solid, na anayependa kugundua achukue Half-Life. Mwenye Kiingereza cha kusitasita naye namwelekeza Half-Life bila kufikiri mara mbili.

Ocarina of Time una mantiki yake tofauti, na sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na plastiki. Nintendo 64 ilitumia kaseti, si diski. Kaseti ya Zelda ilibeba megabaiti 32, wakati diski moja ya PlayStation ilibeba zaidi ya 600, ndiyo maana wahusika wa Kojima wanaongea muda wote na wale wa Hyrule, ulimwengu wa Zelda, maneno yao yanaandikwa tu. Kaseti pia zilikuwa ghali na ngumu kunakili, jambo lililoifanya Nintendo 64 kuwa adimu katika mitaa yetu huku PlayStation ikienea hadi vijijini. Wengi wetu mchezo huu tuliusikia miaka kabla ya kuuona.

Waliokuwa wakiuongoza, chini ya Shigeru Miyamoto, walikabiliwa na tatizo ambalo kila mtengenezaji wa michezo ya pande tatu alikuwa akilihangaikia: utapiganaje kwa upanga wakati kamera haijui unamtazama nani? Jibu lao lilikuwa kitufe kimoja. Ukibonyeza Z, Link, shujaa unayemwongoza, anamkazia macho adui, kamera inakaa nyuma yake, nawe unaweza kumzunguka, kuruka pembeni na kujikinga bila kumpoteza. Michezo ya upanga iliyofuata, hata ya leo, imekopa hapo. Kinachonigusa zaidi, hata hivyo, ni jinsi mchezo unavyofundisha bila mwalimu. Ndani ya Mti Mkuu wa Deku, shimo la kwanza kabisa, sakafu imezibwa na utando wa buibui. Unaukata kwa upanga, haukatiki. Unaurukia kutoka pembeni, unanesa tu na kutulia. Unapanda ghorofa hadi ghorofa ukiutafuta ufunguo ambao haupo, kisha ukiwa juu kabisa unatazama chini, unauona utando ule mdogo kama sahani, na unaelewa kwamba ufunguo ni uzito wako mwenyewe. Unaruka, unaupasua, na unatumbukia majini chini yake. Mtoto wa dada yangu alipiga kelele za furaha alipolifumbua hilo, nami nilikuwa nimekaa kando yake nikijizuia nisimwambie.

Muziki wa Koji Kondo nao si pambo la nyuma. Okarina inapigwa kwa vitufe vitano, na kila wimbo ni ufunguo wa kitu fulani: kuleta mvua, kuamsha mchana, kumwita farasi. Wimbo wa bembelezo wa Zelda ni kushoto, juu, kulia, kisha tena kushoto, juu, kulia, na aliyeucheza mchezo huu anaweza kuupiga mezani kwa vidole hata baada ya miaka ishirini. Halafu kuna ile miaka saba. Link anauvuta upanga katika Hekalu la Wakati akiwa mtoto na kuamka akiwa kijana, na anapotoka nje, soko aliloliacha lina watu wanaocheza dansi na mbwa wanaomfuata mtoto amekuta wafu wamesimama katikati ya magofu. Sijui mchezo mwingine wa mwaka huo uliomwonyesha mchezaji kupita kwa wakati kwa uzito kama huo.

Umezeeka pia, tena waziwazi. Picha zinakwenda takribani ishirini kwa sekunde na jicho la leo linaliona hilo. Kuna bundi anayetoa maelezo marefu kisha kukuuliza kama umeelewa, na jibu lililowekwa tayari ni lile linalomfanya arudie yote; angalia kidole chako. Hekalu la Maji linakulazimisha kuvaa na kuvua viatu vya chuma kwa kufungua menyu kila mara, kero iliyorekebishwa katika toleo la Nintendo 3DS la mwaka 2011. Toleo la asili linapatikana kwenye Switch kwa usajili wa kulipia. Muda ni mrefu, saa thelathini si ajabu. Kiingereza ni kingi lakini kimeandikwa, kinakungoja hadi ubonyeze kitufe, na hilo kwa mtoto anayejifunza lugha ni msaada mkubwa kuliko sauti za Metal Gear Solid zinazopita haraka.

StarCraft, mchezo wa kujenga kambi na kuongoza majeshi, nitausema kwa ufupi, kwa sababu kinachoamua kuhusu huu ni jambo moja: je, uko tayari kushindwa mara nyingi? Uzuri wake wote unaonekana kwa kuwatazama wafanyakazi watatu, mmoja wa kila upande unaopigana. Yule wa Terran, ambao ni wanadamu, anasimama hapo akijenga hadi jengo liishe. Wa Zerg anageuka mwenyewe kuwa jengo, hivyo kila ujenzi unakugharimu mtu. Wa Protoss analifungulia jengo mlango kutoka mbali kisha anaondoka kwenda kuchimba madini wakati jengo linajikamilisha. Kutokana na tofauti hiyo moja, uchumi, kasi na hata tabia ya vita vya kila upande vinaachana kabisa, na bado hakuna upande unaomwonea mwenzake. Korea Kusini waliuchukua kutoka mikahawa yao ya kompyuta hadi kwenye televisheni, wakawapa wachezaji mishahara na mashabiki.

Mchezo wa asili umekuwa wa bure tangu 2017, na kwa asiye na fedha hiyo ni hoja inayozidi nyingine zote. Misheni zake 30 unaweza kuzicheza peke yako. Uzee wake uko mikononi: huwezi kuchagua zaidi ya vikosi 12 kwa pamoja, na baadhi ya askari, hasa Dragoon, hupotea njia kwenye daraja jembamba kana kwamba hawajawahi kuliona. Dhidi ya watu mtandaoni, anayeanza leo atakutana na waliokuwa wakiucheza kabla yeye hajaanza shule. Mtafute mwenzako anayeanza pamoja nawe, au usiende huko.

Mtu mzima mwenye kompyuta ya kawaida, anayetaka mmoja tu na hajawahi kucheza mchezo wowote wa enzi hizo, namwambia Half-Life. Nauweka mbele ya Zelda si kwa ukubwa, maana kwa ukubwa naona Zelda unaushinda, lakini kwa sababu hauombi msamaha wowote kwa umri wake katika saa nane za mwanzo, na atakayeupenda atapata moyo wa kuvumilia uzee wa mingine. Penye mtoto wa miaka tisa au kumi nyumbani ushauri unageuka kabisa: ni Zelda, mkicheza wawili, mkubwa akisoma kwa sauti na kumfasiria mdogo, mdogo akishika pedi. Mkifika Hekalu la Maji, chukueni karatasi na mchore ghorofa zake pamoja na viwango vitatu vya maji kabla ya kufungua mlango wowote, na mtie alama mahali penye nembo ya pembetatu tatu, kwani hapo ndipo wimbo ule wa bembelezo unapoyapandisha na kuyashusha maji. Ufunguo mdogo ambao wengi huukosa uko chini ya nguzo kubwa ya katikati, mahali panapofunguka pale tu maji yanapopanda hadi kiwango cha pili.